Njia za Kuufikia Udaktari Muhimbili

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu, kwa hesabu aliyoitaja Mwalimu Nyerere. Mwaka 1963 kilianzishwa chuo cha udaktari mjini Dar es Salaam. Mwaka 1968 kikawa kitivo cha chuo kikuu, na tangu mwaka 2007 ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili.

Njia ijulikanayo zaidi hupitia kidato cha sita, kwa masomo ya Fizikia, Kemia na Biolojia. Mwanafunzi anayeiacha Fizikia mapema kwa kuiona ngumu mara nyingi hatambui kwamba amejifungia mlango huo mwenyewe. Hata hivyo, mlango si mmoja. Tabibu mwenye stashahada ya miaka 3 naye aweza kuomba nafasi akiwa na alama za kutosha. Tena huja akiwa amekwisha kuwahudumia wagonjwa, jambo ambalo kitabu hakimpi mtu.

Shahada huchukua miaka 5. Kwanza husomwa jinsi mwili ulivyoumbwa na unavyofanya kazi, yaani anatomia, fiziolojia na biokemia. Kisha maradhi na dawa. Hatimaye mwanafunzi huhamia wodini, ambako humhoji mgonjwa, humpima, na kuitetea hoja yake mbele ya mwalimu. Mhitimu bado hajaruhusiwa kujitegemea: hutumikia mwaka 1 wa utarajali hospitalini chini ya uangalizi, akizunguka katika idara za tiba, upasuaji, watoto na uzazi. Autakaye ubingwa hurudi darasani kwa miaka 3 au zaidi.