Kasha Likifunguliwa Njiani, Hasara ni ya Mkulima

Mkulima akiisha kuchuma avokado zake na kuzifikisha kituo cha kukusanyia, hupewa stakabadhi yake akarudi nyumbani. Wengi hudhani kwamba kazi imekwisha hapo. Sivyo. Matunda hayo yana safari ndefu mbele yake: kwanza hata ghala la kupakia, kisha hata bandari ya Kilindini, Mombasa, na kutoka hapo hata Ulaya, mwendo wa mwezi mmoja au zaidi. Katika safari hiyo yote mwenye shamba hayupo. Basi, ni nani aulindaye mzigo wake? Yafaa kila mkulima wa settlement alijue jambo hili, kwa maana mzigo ukiharibika njiani, mara nyingi hasara humrudia yeye: bei hupunguzwa au malipo hucheleweshwa.

ZAMANI NA SASA

Zamani mizigo iliingizwa melini gunia kwa gunia. Meli ilikaa gatini siku nyingi, na mwizi alipata nafasi ya kutosha. Tarehe 26 Aprili 1956 Mmarekani mmoja, Malcom McLean, alipakia makasha 58 ya chuma juu ya meli iitwayo Ideal-X, ikasafiri kutoka Newark hata Houston. Hiyo ndiyo asili ya makontena tuyaonayo leo juu ya malori na magari ya moshi.

Kasha hufungwa mahali lilipopakiwa, wala halipaswi kufunguliwa mpaka lifike kwa mnunuzi, ila maafisa wa forodha au wa ukaguzi wakitaka kulitazama. Hiyo ni faida kubwa. Lakini hatari yake pia iko hapo hapo: apitaye nje haoni kilicho ndani. Kwa hiyo ulinzi wote wategemea vitu viwili, namba ya kasha na lakiri ya mlangoni, ambayo madereva huiita sili.

NAMBA NA SILI

Kila kasha la safari za ng'ambo lina herufi nne na tarakimu saba. Herufi zaonyesha mwenye kasha ni nani. Tarakimu sita ni namba ya kasha lenyewe. Ile ya saba ni mlinzi wa zile nyingine: hupatikana kwa kuzipigia hesabu herufi na tarakimu zilizotangulia. Karani akikosea kuandika tarakimu moja, hesabu hukataa, na kosa hujulikana kabla kasha halijapotea kati ya maelfu ya mengine.

Sili ni pini nene ya chuma yenye kifuniko chake. Ikiisha kubanwa haifunguki tena ila kwa kukatwa, nayo ina namba yake ya peke yake. Namba hiyo huandikwa katika karatasi za mzigo. Kila mzigo unapopokelewa, namba iliyo mlangoni yapasa kulinganishwa na ile ya karatasi. Zikitofautiana, kasha husimamishwa na kuchunguzwa. Mbao zaweza kungoja siku nyingi bila kuharibika. Avokado haziwezi.

SHERIA ZA BANDARI

Baada ya mashambulio ya Septemba 11, 2001, huko Marekani, mataifa yalikutana London katika mwezi wa Desemba 2002, yakapatana sheria moja ya ulinzi wa meli na bandari. Ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2004. Kila bandari ipokeayo meli za safari za ng'ambo yapasa iwe na mpango wa ulinzi uliokubaliwa na serikali, na afisa wa kuusimamia; waingiao na watokao wajulikane. Tena, tangu tarehe 1 Julai 2016, kasha ambalo uzito wake wa kweli haukuthibitishwa haliruhusiwi kupakiwa melini.

MWIZI ASIYEVUNJA UA

Hata hivyo, ua peke yake hautoshi. Wafanyao biashara ya madawa ya kulevya hupenda makasha ya matunda, kwa sababu matunda hupitishwa upesi yasioze. Hukata sili, hutia mifuko yao karibu na mlango, kisha huweka sili ya uongo yenye namba ile ile. Wenzao huitoa mifuko hiyo katika bandari ya mbele. Mwenye matunda hajui lolote, lakini mzigo ushikwao ni wake.

Huko Antwerp, Ubelgiji, watu wa namna hii waliingia katika kompyuta za makampuni ya bandarini tangu mwaka 2011. Walijua kila kasha limesimama wapi, na namba za siri za kulitolea. Madereva wao walifika kulichukua kabla ya mwenyewe. Polisi walitangaza habari hiyo mwaka 2013. Hapa twaona kwamba habari za mzigo nazo ni mali, nazo zalindwa kama mzigo wenyewe.

"MIMI SIPELEKI KITU NG'AMBO"

Wako wakulima wasemao hivyo. Lakini mkulima wa miwa wa Muhoroni na mkulima wa mpunga wa Mwea, wao pia wana sehemu katika jambo hili. Sukari au mchele uendao nchi ya jirani hupita Mombasa bila kulipiwa ushuru wa Kenya, kwa kuwa si wa kuuzwa hapa. Lori likishusha mzigo huo njiani kwa siri, huuzwa kwa bei rahisi, na soko la mkulima wetu huharibika.

Kwa sababu hiyo Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mwaka 2017 kutumia kwa pamoja mfumo wa kufuatia mizigo. Lori hufungwa sili yenye chombo cha kupeleka habari. Likiacha njia yake, au sili ikifunguliwa, maafisa huona mara moja katika chumba cha ulinzi, na walio barabarani hutumwa kulifuata.

SHAHIDI ALIYE NDANI YA KASHA

Baharini nako kuna taabu zake. Tarehe 19 Novemba 2023 meli Galaxy Leader ilitekwa katika Bahari ya Shamu. Baada ya hapo meli nyingi ziliiacha njia ya Suez zikazunguka kusini mwa Afrika, na safari ikazidi kwa siku kumi au zaidi. Avokado nyingi za Kenya zilifika zimeiva mno.

Kujua mahali kasha lilipo hakuongezi mwendo wa meli, lakini humwezesha mnunuzi kujitayarisha. Zaidi ya hayo, ndani ya kasha la baridi huwekwa chombo kidogo kiandikacho joto tangu siku ya kufungwa. Matunda yakifika mabovu, chombo hiki ni shahidi: chaonyesha kama baridi ilikatika njiani. Asiyekuwa na shahidi huambiwa tu kwamba alichuma vibaya.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, weka kila stakabadhi yenye tarehe, uzito na namba yako ya ukulima.

Pili, usichanganye matunda ya jirani katika kreti yako. Alama ya kreti yarudisha kila kosa kwa shamba lilikotoka. Mdudu wake atahesabiwa kuwa wako.

Tatu, chama kipakiacho kasha chenyewe kikague mahali saba kabla ya kupakia: ukuta wa mbele, ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, sakafu, dari, milango ndani na nje, na chini ya kasha. Angalieni na misumari ya mikono ya mlango, kwa maana wako wezi waing'oayo bila kuigusa sili.

Nne, wajumbe wawili waandike namba ya kasha na ya sili katika daftari kabla lori halijaondoka. Kama mwauza kwa kampuni, iombeni namba ya kasha. Kwa namba hiyo kijana mwenye simu aweza kuuliza kwa kampuni ya meli na kujua mzigo umefika wapi.

Tano, msimwambie mpita njia lori litaondoka saa ngapi wala litapita wapi.

Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mlinzi wa kwanza wa kasha hayuko Kilindini wala Rotterdam. Ni yule aliyesimama mlangoni likifungwa, akaandika namba kwa mkono wake.