Jimbo la Newala na Fimbo ya Mbali

Waheshimiwa Wanachama,

Katika mkutano wetu ujao tutaulizwa kama tawi letu kubwa ligawanywe mawili. Kabla hatujanyosha mikono, yafaa tuwatazame wenzetu wa Bara, wakulima wa korosho wa Newala na Masasi, ambao majimbo yao ya uchaguzi yamekatwa mara nyingi.

Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, ukingoni, yatazama bonde la Ruvuma. Masasi iko chini, upande wa magharibi, penye majabali makubwa. Huko juu ardhi hunywa mvua yote; zamani wanawake walishuka mabondeni kuteka maji, wakapanda nayo kichwani. Watu wa namna hiyo wana haja ya mjumbe aijuaye njia ya kisimani.

Tanganyika ilipochagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria mara ya kwanza, mwaka 1958 na 1959, nchi nzima ilikuwa na majimbo 10 tu. Newala na Masasi zilikuwa pamoja na Kilwa, Lindi na hata Songea. Mpiga kura alitakiwa awe na pato la pauni 150 kwa mwaka, au awe amefika darasa la nane, au awe na cheo kilichotajwa na sheria. Mkulima wa kawaida alibaki akitazama. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Katika uchaguzi wa Agosti 1960 majimbo yakawa 50, na baada ya uhuru yakazidi kuongezeka. Mwaka 1985 Bwana Benjamin Mkapa alichaguliwa Mbunge wa Nanyumbu, katika wilaya ya Masasi ya siku zile. Tandahimba, iliyokuwa sehemu ya Newala, nayo ikapata mbunge wake. Hata ulipofika uchaguzi wa Oktoba 2015, jimbo moja la Newala, alilolishika Kapteni George Mkuchika tangu 2005, likaondoka. Yakaja Newala Mjini na Newala Vijijini. Masasi nayo ikakatwa, likazaliwa jimbo la Ndanda.

Je, wamefaidi? Mjumbe amesogea karibu, hilo halina ubishi. Lakini mwaka 2018 Serikali ilipeleka Bungeni mabadiliko ya ushuru wa korosho ziuzwazo nje, ambao sehemu yake ya 65 kwa mia ilikuwa ikirudi kuliendeleza zao lenyewe. Wabunge wa kusini walisimama kupinga. Walizidiwa, na sheria ikapita.

Basi, wanachama, kugawa tawi kutatupa mjumbe wa karibu, nami naona ni jambo jema. Lakini bei ya karafuu haijadiliwi tawini. Tukigawa, tuandike pia kwamba matawi yote mawili yatakutana kabla ya kila msimu na kupeleka neno moja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wasalaam,
Katibu