Maiti wa Kisulisuli: Huoshwa na Kusaliwa?

Jioni ya tarehe 26 Aprili 1989, ndani ya Ramadhani ya mwaka 1409 Hijria, kisulisuli kikubwa kiliipiga miji ya Daulatpur na Saturia, Bangladesh. Watu wapatao 1,300 walikufa na 80,000 hivi wakakosa makazi. Hakuna kisulisuli kinachojulikana kuua zaidi ya hicho. Nyumba dhaifu zilibomoka, na bati likirushwa na upepo hukata kama upanga.

Je, maiti kama hawa huzikwa kama mashahidi wa vita? Mtume (S.A.W.) amemhesabu aliyeangukiwa na jengo miongoni mwa mashahidi (na anayesema watu wale waliofunga waliadhibiwa, aizingatie hadithi hiyo). Lakini wanachuoni wamebainisha kuwa huyo ni shahidi wa Akhera: ujira anao, ila hapa duniani huoshwa, hukafiniwa na husaliwa. Mwili ulioharibika hata usiweze kuoshwa hutayamamishwa.

Ugumu uko kwenye viungo vilivyotawanyika. Kwa Mashafi, kiungo cha mtu aliyethibitika kufa huoshwa na kusaliwa. Mahanafi, ambao ndio wengi Bangladesh, hutaka kwanza ipatikane sehemu kubwa ya mwili, au nusu yake pamoja na kichwa. Pungufu ya hapo hufungwa katika kitambaa na kuzikwa bila sala.