Kitambaa cha Cannavaro

Hosteli kwetu ubishi wa mpira hauna likizo. Hata wiki ya mitihani watu wanagombana mpaka saa nane usiku. Lakini sikiliza vizuri majina yanayotajwa: ni ya wafungaji. Beki anatajwa siku aliyokosea. Leo naomba nimzungumzie beki mmoja, Nadir Haroub Ali, ambaye nchi nzima inamjua kwa jina la Cannavaro, halafu nitaeleza kwa nini amenirudia kichwani nikiwa field Kibiti.

Kwa wadogo zetu wa mwaka wa kwanza ambao hawakumwona: Nadir alizaliwa Zanzibar mwaka 1982, na mwaka 2006 akatua Yanga. Jina la Cannavaro ni la Fabio Cannavaro, beki na nahodha wa Italia iliyochukua Kombe la Dunia mwaka huohuo wa 2006. Ukipewa jina kama hilo na Watanzania, mwanangu, huna pa kujificha. Ukiteleza mara moja tu, jukwaa zima linakuuliza Cannavaro gani huyo.

Nadir hakujificha. Alikaa Yanga zaidi ya miaka kumi, muda ambao klabu zetu kubwa hubadilisha makocha kama tunavyobadilisha vocha. Akawa nahodha, akachukua ubingwa wa ligi mara kadhaa, na enzi zake Yanga ilibeba Kombe la Kagame mara mbili mfululizo, 2011 na 2012. Akawa pia nahodha wa Taifa Stars. Na kwa kuwa Zanzibar huingiza timu yake kwenye Kombe la Chalenji, alivaa pia jezi ya Zanzibar Heroes. Yaani mtu mmoja, bendera mbili, kazi ileile: kuziba.

Sasa kazi ya beki wa kati ni ipi hasa? Wengi tunadhani ni kubutua tu. Hapana. Beki wa kati ndiye anayeuona uwanja wote mbele yake, kwa hiyo ndiye anayesema. Anamwambia beki wa pembeni asogee, anamrudisha kiungo, anaamua safu ipande ili mshambuliaji aotee au ishuke kulinda nafasi ya nyuma. Akifanya vizuri, hakuna kinachotokea. Mpira haufiki golini, na jukwaa halipigi makofi kwa kitu ambacho hakijatokea.

Sisi wa Rufiji tunalielewa hili kwa sababu ya dungu. Kwa asiyejua, dungu ni kibanda cha juu ya nguzo tunachojenga shambani kulinda mpunga. Unakaa humo wiki nzima unafukuza ndege, usiku unapiga debe nguruwe wasiingie. Siku ya kuvuna watu wanamsifia aliyelima. Mlinzi anakumbukwa mwaka ambao ndege wamekula.

Na ni kwenye dungu la mjomba wangu, ndani ya delta, ndiko nilikomjua Cannavaro. Ilikuwa tarehe 1 Machi 2014, nina miaka 11. Redio ya mjomba ilikuwa imening'inizwa kwenye nguzo, betri zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu. Yanga walikuwa Dar es Salaam wanacheza na Al Ahly ya Misri, mabingwa watetezi wa Afrika. Mechi ilikaza mpaka zikabaki dakika chache. Ikapigwa kona, Cannavaro akapanda, kichwa, bao. Moja bila. Mjomba ni Simba wa kufa na hakushangilia, ila alisema, "Huyu Mzanzibari ana roho." Marudiano Misri Al Ahly wakashinda 1-0, na Yanga wakatolewa kwa penalti. Lakini mimi tangu siku ile nikawa nacheza namba tano.

Twende Januari 2016. Mbwana Samatta, akiwa TP Mazembe, ametangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Nchi nzima imelewa furaha. Siku chache baadaye kocha wa Taifa Stars, Charles Boniface Mkwasa, akamfanya Samatta kuwa nahodha. Cannavaro akatangaza kustaafu timu ya taifa.

Ubishi ule haujaisha mpaka leo. Wapo wanaosema alisusa. Samatta alistahili, hilo mimi silipingi hata kidogo. Nilikuwa pia upande wa wanaosema mzee angekubali tu yaishe, maana kitambaa ni kitambaa. Nimebadilisha mawazo mwaka huu, na aliyenibadilisha ni mwanafunzi wa kidato cha tatu.

Nilipangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule moja wilayani Kibiti. Nilikuwa nafundisha Kiswahili na Historia, na kwa kuwa ni kijana nikakabidhiwa timu ya shule. Nahodha nilimkuta: beki, mtoto wa delta kama mimi, amepanga chumba mtaani kwa sababu kwao ni mbali, mpaka upande boti. Kijana mkimya, lakini uwanjani sauti yake ndiyo ilikuwa inaipanga timu. Kwenye mechi ya kirafiki mshambuliaji wetu akafunga mabao matatu. Jumatatu yake, mstarini, mbele ya shule nzima, nikatangaza kwamba nahodha mpya ni mfungaji. Makofi yakapigwa. Nikajiona kocha kweli.

Beki wangu hakuja mazoezini siku ile, wala wiki iliyofuata. Darasani akaacha kunyoosha mkono. Nikasema moyoni, amesusa huyo. Siku moja nikamkuta jioni gengeni ananunua mkaa. Akanipa shikamoo, nikamuuliza kulikoni. Akatazama chini, akasema, "Mwalimu, kitambaa si changu. Ila ungeniambia kabla. Nimesikia pamoja na watoto wa kidato cha kwanza."

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi palepale, na kesho yake nikamwomba tena mbele ya timu, maana nilimvua mbele za watu. Alirudi. Kitambaa kilibaki kwa mfungaji, lakini sauti iliyokuwa inapanga safu ikasikika tena.

Ndipo nikamwelewa Cannavaro. Mtu akikaa nyuma miaka na miaka akilinda kisichoonekana, kitambaa ndiyo risiti pekee aliyonayo kwamba kazi yake ilionekana. Unaweza kukihamisha, kila uongozi una mwisho wake. Lakini unaanza na yeye, mnakaa mnazungumza, halafu ndiyo unakwenda kwa watu.

Na inawezekana kufanyika vizuri. Agosti 2018 Yanga walimuaga Cannavaro kwa mechi ya kirafiki Uwanja wa Jamhuri, Morogoro. Jezi yake namba 23 aliikabidhi mwenyewe kwa Abdallah Shaibu "Ninja", beki mwenzake kutoka Zanzibar, na yeye akabaki klabuni kama meneja wa timu. Kitu kilihama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na mwenye nacho alikuwepo.

Wanachuo wenzangu, hasa wa ualimu, mwakani wengi wetu tutakuwa na madarasa. Tutabadilisha viranja, manahodha na viongozi wa vikundi, na mara nyingi tutakuwa na sababu nzuri. Kabla hujasimama mstarini, mtafute kwanza yule unayemvua. Ni dakika tano tu. Mimi zilinishinda, na mtoto wa watu akakaa wiki nzima na zaidi bila mpira.