Pareto Huku Imbo: Itaota, Lakini Je, Itachanua?

(Muziki wa kipindi. Ushuke polepole.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia pareto, lile ua jeupe lenye moyo wa njano ambalo likikaushwa na kusagwa huua wadudu. Mliotoka milima ya Kivu ya Kaskazini mnalijua vizuri. Sasa, ukilipanda huku Imbo, litakusaidia dhidi ya mbu?

Hapana. Litaota na kutoa majani, lakini maua yatakuwa haba, na dawa yenyewe imo hasa ndani ya ua. Pareto inataka baridi ya usiku ndipo ichanue. Katika nchi zetu hustawi kuanzia kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 tu. Hapa kwenye michikichi, hata usiku joto lipo.

Ukiwa mlimani kwenye baridi, fanya hivi. Ng'oa shina la zamani, ligawe vipande vyenye mizizi, uvipande kwenye matuta, kwa sababu maji yakituama mizizi huoza. Palilia. Mmea huo utakaa miaka 3 au zaidi bila kupandwa upya. Chuma maua yaliyokwisha kufunguka, yakaushe, kisha yaweke gizani, maana mwanga wa jua hupunguza nguvu ya dawa.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Tahadhari mbili. Kwanza, pareto huua samaki. Usioshe vyombo vyake mtoni wala ziwani, tusije tukaharibu mukeke na ndagala. Pili, usichome maua hayo ndani ya nyumba iliyofungwa. Moshi huumiza kifua, hasa cha mtoto.

Basi sisi wa Imbo tupande nini? Panda mchaichai, au kivumbasi, ule mrihani wa porini wenye harufu kali. Yote miwili inapenda joto na huishi zaidi ya mwaka mmoja. Mchaichai nao hugawanywa shina kwa shina. Hata ukihamishiwa kambi nyingine, beba shina moja lenye mizizi kwenye kopo lenye udongo unyevu. Lakini usidhani mmea ukisimama tu mlangoni mbu watakimbia. Harufu hutoka jani likipondwa.

Na hakuna ua wala jani linalochukua nafasi ya chandarua. Lala ndani yake kila usiku, wewe na watoto. Mwaga maji yaliyotuama karibu na nyumba. Mtoto akipata homa, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, usingoje kesho.

Mlio mlimani, gawaneni mashina ya pareto na majirani.

(Muziki wa kufunga.)