Je, Wajua? Hita ya Lori Inapopuliza Baridi

Je, wajua kwamba hita ya lori haina moto wake yenyewe? Ndani yake hamna waya unaowaka kama wa pasi, wala kichomeo kama cha jiko la gesi. Ni rejeta ndogo tu, yenye ukubwa wa daftari nene, iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Maji yaliyopata moto kwenye injini hupita humo, feni hupuliza hewa katikati ya mapezi yake, na hewa hiyo ndiyo inayokufikia miguuni. Hita ni mwombaji. Injini ikiwa haina cha kutoa, au njia ya maji ikiwa imeziba, utapulizwa baridi hata ukizungusha kitasa mpaka kikatike.

Je, wajua kwamba kati ya robo na theluthi ya nishati ya mafuta unayonunua huishia kwenye maji ya rejeta? Joto hilo hutupwa barabarani. Hita inaokota kilichokwisha kulipiwa, tofauti na eyakondishini, ambayo hula mafuta ya ziada.

Je, wajua kwamba usiku wa Julai kati ya Makambako na Mbeya unaweza kumkuta dereva wa semi amejitanda shuka la Kimasai, na utingo wake amevaa makoti mawili, ilhali kitasa cha hita kiko mbele yao kimeelekezwa kwenye nyekundu? Niliwahi kupewa lifti kwenye kichwa cha namna hiyo. Nikauliza kama hita ni mbovu. “Hilo pambo tu, kaka,” dereva akajibu. Tangu lini? Akafikiri kidogo. “Tangu fundi atoe themostati.” Alilisema kama mtu anayetaja tarehe ya msiba, lakini hakuona kwamba amekwisha kunijibu.

Je, wajua themostati ni nini hasa? Ni mlango. Huo mlango, unaoenea kiganjani, hukaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta kubwa. Injini ikiwa baridi unafungwa, maji yanazunguka humo humo yapate moto haraka. Yakifika nyuzi 80 na kitu unaanza kufunguka na kuyaruhusu yakapoe. Hauna umeme wala kompyuta. Una kidonge cha nta ndani ya kikombe cha shaba. Nta ikiyeyuka inavimba, inasukuma pini, mlango unafunguka. Ikiganda, springi inaurudisha. Mbuni wake, Sergius Vernet, aliufanyia kazi Marekani katika miaka ya 1930, na mpaka leo injini nyingi duniani zinaishi kwa nta hiyo.

Je, wajua kwa nini mafundi wetu wengi wanaichukia? Lori limechemsha mlimani, themostati imekwama ikiwa imefungwa, fundi anaing'oa, anarudisha mfuniko, lori linapanda. Siku hiyo fundi ni shujaa. Tangu hapo maji yanakwenda kwenye rejeta kubwa muda wote, injini haifikii joto lake, na penye baridi hita inabaki kupuliza hewa ya mlimani. Hapo hasara ya baridi ndiyo ndogo. Injini isiyofikia joto lake haichomi dizeli vizuri, inatoa masizi, inakula mafuta zaidi, na oili yake inachafuka mapema. Tumejizoesha kusema kwamba nchi za joto hazihitaji themostati. Injini haijui iko nchi gani; inajua nyuzi zake tu.

Na hili je, unalijua? Kwenye baadhi ya injini, kutoa themostati kunazidisha kuchemka. Themostati za aina hiyo zina kazi mbili: zinapofungua njia ya rejeta, zinaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na maji mengi yanarudi yakiwa na moto ule ule. Mwenye lori anarudi gereji akilia, na fundi anamwambia sasa tatizo ni rejeta.

Je, wajua kwamba mikono miwili inatosha kujua ugonjwa uko upande gani? Washa injini mpaka ishike joto, fungulia hita hadi mwisho, kisha tafuta mipira miwili myembamba inayoingia kwenye ukuta ulio kati ya injini na kabini. Mmoja unaleta maji, wa pili unayarudisha. Iguse kwa tahadhari, mbali na mikanda na feni. Kama yote miwili ni ya moto sawasawa, maji yanapita vizuri na kosa liko ndani, upande wa hewa. Kama mmoja unaunguza na mwenzake ni baridi, maji yanafika mlangoni lakini hayapiti: koki ya hita imefungwa au rejeta ndogo imeziba. Kama yote miwili ni baridi, rudi kwenye injini yenyewe: maji yamepungua, hewa imenasa, pampu imechoka, au themostati imekwama wazi. Au haipo. Kipimo hiki hakigharimu hata senti, na bado nimeona dashibodi nzima ikishushwa kabla hata mtu hajagusa mipira hiyo.

Je, wajua kwamba hita hulalamika kabla ya injini? Kwenye magari mengi rejeta yake ndogo imekaa juu, na maji yakipungua juu ndiko hukauka kwanza. Asubuhi moja joto linakuja na kukata. Ukikanyaga mafuta linarudi, ukiacha injini sailensa linatoweka. Kabla ya kununua kifaa chochote, subiri injini ipoe kabisa, fungua mfuniko, tazama maji.

Na kama hita imepoa ghafla ukiwa njiani huku mshale wa joto unapanda, simama. Maji yamekwisha. Mshale wenyewe unaweza kudanganya, maana kipimo chake kimetengenezwa kikae ndani ya maji. Kikibaki kwenye hewa tupu kinaweza kuonyesha utulivu wakati silinda hedi inaungua.

Je, wajua kwamba mfuniko wa rejeta si kizibo? Una springi inayoyashikilia maji chini ya mgandamizo. Mfuniko wa baa 1 huyazuia maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 120. Bila mgandamizo, kwenye mwinuko wa Mbeya, mita kama 1,700 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kule Timboroa, penye zaidi ya mita 2,700, ni kama 91. Kwa hiyo ule mfuniko uliolegea na kufungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli unapoteza maji kila mlima, na kila mlima hita inapungua nguvu. Na ndiyo sababu mfuniko wa injini ya moto haufunguliwi. Maji ya nyuzi 110 yakiachiwa ghafla hugeuka mvuke usoni mwako.

Je, wajua kwamba kiputo cha hewa kinaweza kuzuia maji yasipite? Hutokea mara nyingi baada ya rejeta au mpira kubadilishwa na maji kujazwa haraka haraka. Dawa yake: lori lipaki pua ikitazama mlima, kitasa cha hita kiwe kwenye joto, ufungue parafujo za kutolea upepo kama zipo, ujaze polepole, uwashe injini ikiwa baridi na uendelee kuongeza hadi viputo viishe. Visipoisha kamwe, na kila siku vipya vinakuja, shuku gasketi ya silinda hedi; huo ni moshi wa silinda unaopenya kwenye maji.

Je, wajua harufu tamu ndani ya kabini, kama ya sharubati, inamaanisha nini? Kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, inavuja kwenye rejeta ya hita. Kioo cha mbele kinapata ukungu wenye mafuta usiokubali kitambaa, na zulia upande wa abiria linalowa. Kemikali yenyewe, ethilini glaikoli, ni tamu kweli na ni sumu kweli. Mbwa hufa kwa kuilamba sakafuni. Usiiache kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Je, wajua kwamba glaikoli tupu huganda upesi kuliko iliyochanganywa na maji? Peke yake huganda kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri. Nusu kwa nusu na maji, inastahimili mpaka kama 37 chini ya sifuri. Hapa kwetu barafu si adui, lakini kulanti inazuia kutu pia. Maji ya mtoni yanaacha magamba na matope, na mirija myembamba ya rejeta ya hita huziba kabla ya ile kubwa. Vivyo hivyo dawa za kuziba matundu, za dukani na za jikoni. Ute wa yai uliookoa safari ya juzi hauchagui tundu. Rejeta ndogo iliyoziba huoshwa kwa kuichomoa mipira yote miwili na kupitisha maji kinyume na yanavyopita kila siku, kwa nguvu ya wastani. Ukitumia presha ya kuoshea magari utaipasua.

Je, wajua kwamba kosa likiwa upande wa hewa, masikio yako ndiyo kipimo? Ndani ya dashibodi kuna kibao kinachoamua hewa ipite kwenye rejeta ndogo au ikwepe. Zamani kilivutwa kwa waya. Siku hizi kinasukumwa na mota ndogo yenye giya za plastiki, na pikapu nyingi za Kimarekani zinasifika kwa kuzivunja. Geuza kitasa toka baridi hadi moto: ukisikia tiki-tiki-tiki nyuma ya redio, giya imekatika meno.

Feni inayofanya kazi kwenye namba ya mwisho tu? Rezista imeungua. Haifanyi kazi kabisa? Anza na fyuzi.

Je, wajua kwamba kabla ya hita wasafiri wa Marekani na Ulaya walipanda magari na matofali yaliyopashwa moto, wakayaweka miguuni chini ya blanketi? Mwaka 1938 kampuni ya Nash ya Marekani ilileta mfumo uliovuta hewa safi toka nje, ukaichuja na kuipitisha kwenye rejeta yenye maji ya moto. Magari mengi unayoyaona leo bado yanafuata mpango huo. Volkswagen ile ya mgongo wa kobe haikuwa na maji kwenye injini, hivyo ilichota joto kwenye masanduku yaliyozunguka mabomba ya ekzosi. Yakipata kutu, moshi uliingia kwa abiria.

Moshi huo una kaboni monoksaidi, ambayo hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na haina harufu. Mkaa unaowaka nao huitoa. Basi jiko la mkaa ndani ya kabini, hata usiku mmoja tu, hata dirisha likiachwa wazi kidogo, ni hapana.

Je, wajua kwamba lori jipya la dizeli linachelewa kupata joto kwa sababu ni zuri? Injini inayotumia mafuta vizuri haina joto jingi la kutupa, na ikiwa sailensa bila mzigo inatoa kidogo zaidi. Kwenye nchi za theluji madereva huziba sehemu ya rejeta kwa turubai au boksi, wakaacha uwazi, wakaliondoa hali ya hewa ikibadilika. Kule Fairbanks, Alaska, magari hutembea na plagi ya umeme ikining'inia puani. Ukipaki unaichomeka nguzoni, nayo inapasha injini usiku kucha.

Je, wajua kwamba dereva anayelala garini anaweza kupata joto injini ikiwa imezimwa? Kampuni za Kijerumani za Webasto na Eberspächer hutengeneza hita ndogo zinazochoma dizeli zenyewe na kutoa moshi wake nje ya kabini. Hita ya namna hiyo yenye kilowati 2 hula chini ya robo lita kwa saa, wakati injini kubwa ikiachwa sailensa hula kama lita 3. California, kwa kawaida, hairuhusu lori zito kuachwa likinguruma zaidi ya dakika 5. Hita hiyo ikigoma, pima betri kwanza; umeme ukishuka, inajizima.

Je, wajua kwamba hita inaweza kuokoa injini inayochemka? Ukipanda mlima Kitonga mchana, mzigo umejaa na mshale unapanda, fungulia hita na feni yake hadi mwisho, vioo vya madirisha vikiwa chini. Utatoka jasho, lakini umeiongezea injini rejeta ya pili. Yule dereva wangu hakuwahi kulijaribu hilo.

Tulifika Uyole, karibu na Mbeya, alfajiri, tukashuka kunywa chai. Themostati yake ilikuwa bado kwenye boksi la dashibodi, imefungwa gazeti. Mama wa chai alituazima kopo kuukuu lisilopikiwa chakula, tukaitundika kwa uzi ndani ya maji, tukalibandika motoni. Ilikuwa imegongwa namba 82 ubavuni. Maji yalianza kutoa mvuke, na kabla hayajachemka mlango ukafunguka taratibu, sawasawa, kama ua. Tukaitoa ikapoa, ikajifunga. Tukairudisha, ikafunguka tena.

Dereva alilitazama kopo muda mrefu. “Sasa kilichochemsha ni nini?” akauliza. Utingo, ambaye usiku kucha hakuwa amesema neno, akaelekeza kidole kwenye mfuniko wa rejeta, ule uliofungwa kwa mpira wa baiskeli.