Kula Vema Mjini Roma kwa Fedha Chache

Wako miongoni mwenu wawekao akiba shilingi kwa shilingi ili siku moja wauone mji wa Roma. Wengi huhesabu nauli na malazi, wakalisahau tumbo. Mimi nami nalilisahau. Ndiyo sababu nawaandikia habari hizi, ili fedha za nyumbani mwenu zisimezwe na samaki mmoja, kama zilivyomezwa zetu.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba 2025, katika mwaka wa Jubilei. Mwalimu mwenzangu nami twalikuwa na yuro 150 za chakula kwa siku sita, mfuko mmoja wa watu wawili. Malazi yalikuwa yamekwisha kulipwa katika nyumba ya watawa. Jioni ya kwanza, hali tumechoka kwa safari, twaliingia katika mkahawa mmoja si mbali na kanisa kuu. Mlangoni alisimama kijana akatukaribisha kwa Kiingereza, na karibu naye palikuwa na ubao wenye picha za vyakula. Mwenzangu akaona samaki ameandikiwa yuro 8, akasema, “Bei hii si mbaya.” Kando ya bei hiyo palikuwa na neno dogo, “etto”. Sikulijua, wala sikuuliza, kwa kuwa naliona haya kuonekana mshamba mbele ya watu wale.

Basi samaki akaletwa, mzuri kwelikweli, tukamla tukamsifu. Hati ya hesabu ilipokuja tukaona yuro 56 kwa samaki, na 6 kwa mkate na maji. Etto moja ni gramu 100. Samaki wetu alikuwa na gramu 700. Siwezi kusema twaliibiwa, maana neno lenyewe lilikuwa limeandikwa pale. Twalilipa, tukatoka kimya, na mfukoni zimebaki yuro 88 za siku tano.

Usiku ule mwenzangu alisema afadhali tule mkate mtupu hata siku ya kurudi. Ana watoto wanne, na sehemu yake ya fedha zile ilitokana na magunia ya mahindi aliyouza. Nalimwona amelala akiutazama ukuta, nami sikupata neno la kumwambia.

Asubuhi yake Sista mmoja wa kwetu, ambaye amekaa Roma miaka mingi na kazi yake ni ya jikoni, akatuuliza mbona nyuso zetu zimekunjamana. Twalipomweleza akacheka kwanza, kisha akatuonea huruma. “Walimu wangu,” akasema, “hapa mtu hulipia kiti. Chakula chenyewe si ghali, kiti ndicho ghali. Haya, twendeni.”

Akatupeleka kwenye duka la kahawa, ambalo wenyewe huliita baa, ingawa asubuhi watu huenda pale kwa kahawa wala si kwa pombe. Wenyeji husimama mbele ya meza ndefu ya muuzaji, wakanywa kikombe kidogo, wakala mkate mtamu uliokunjwa uitwao cornetto, wakaenda zao. Katika maduka mengi mtu hulipa kwanza kwa mwenye sanduku la fedha, kisha huipeleka risiti yake kwa mpika kahawa. Kusimama hivyo kulitugharimu yuro 5 kwa watu wawili. Lakini mtu akiketi, hasa penye viwanja vyenye sifa kama Piazza Navona, kahawa ile ile huweza kupanda bei mara mbili au tatu. Hakuna aliyetutazama kwa dharau kwa kusimama. Mawakili na wafagia njia walikuwa wamesimama pamoja nasi.

Habari ya maji ilinifurahisha kupita zote. Njiani kuna mabomba mafupi ya chuma, yapata 2,500 mji mzima, ambayo watu huyaita nasoni, yaani mapua makubwa, kwa sababu mdomo wa bomba umepinda kama pua. Ya kwanza yaliwekwa katika miaka ya 1870. Maji yake ni baridi, safi, hutiririka mchana na usiku, nayo ni bure. Ukiuziba mdomo kwa kidole, maji huruka juu kwa tundu dogo lililo mgongoni mwa pua ile, ukanywa pasipo kikombe. Mwenzangu, mtu mzima mwenye mvi, alilifanya jambo hili mara tatu mfululizo. Tangu siku ile hatukununua tena chupa ya maji, illa tulijaza ile moja tuliyokuwa nayo.

Mchana twalijifunza kununua piza ya kukatwa. Haifanani na ile ya duara iletwayo mezani. Hii huokwa katika sinia refu, nawe humwonyesha muuzaji kwa mkono upana uutakao. Naye huweka kisu, akangoja uitikie, akakata, akapima kwa mizani. Bei imeandikwa ubaoni kwa kilo au kwa etto. Basi neno lile lile lililotutia hasara sasa likawa rafiki yetu: etto mbili kwa kila mtu, kwa bei ya yuro 18 kwa kilo, ni yuro 3 na senti 60, na mtu mwenye njaa hushiba. Huko huuzwa pia supplì, donge la wali uliopikwa kwa mchuzi wa nyanya na kutiwa jibini katikati, kisha likakaangwa. Mtu wa pwani angeliona donge hilo kuwa ndugu yake kachori.

Siku ya Jumamosi Sista alitutuma Testaccio. Mtaa huu ulikuwa na machinjio makubwa ya mji, yaliyomalizika kujengwa mwaka 1891 na kufungwa mwaka 1975. Wachinjaji walipewa sehemu ya ujira wao kwa nyama ambayo matajiri hawakuitaka: mkia, utumbo, kichwa, moyo, maini. Mnyama hugawanywa robo nne, na kwa hiyo masalio hayo yaliitwa robo ya tano. Wake zao na wenye vilabu vya jirani wakaipika kwa nyanya na mboga, polepole, mpaka ikawa laini. Leo watu hutoka mbali kuja kukila chakula hicho cha maskini, na desturi ya Roma ni kula utumbo siku ya Jumamosi. Katika soko la Testaccio, lililohamia jengo lake jipya mwaka 2012, twalinunua mikate iliyojazwa nyama za namna hiyo na kuchovywa katika mchuzi wake. Mwenzangu alipouma mara ya kwanza alinyamaza, kisha akasema, “Mwalimu, huu ni utumbo wa mama yangu.” Hakusema tena habari za mkate mtupu.

Chakula cha jioni hununuliwa asubuhi. Nawaomba msilisahau jambo hili, kwa kuwa masoko mengi hufungwa yapata saa nane mchana, na Jumapili hayafunguliwi kabisa. Sisi twalinunua katika soko la Trionfale, karibu na Vatikani: mkate, nyanya, maharagwe yaliyokwisha kupikwa, kipande cha jibini la kondoo, na zabibu. Twalikula uani kwa watawa, wala gharama haikufika yuro 4 kwa jioni moja.

Na mtu akitaka kuketi mkahawani siku moja, si dhambi. Na aiache njia kuu, aende mitaa ya nyuma, apite penye picha na penye mtu wa kuita wageni, aisome bei mlangoni kabla ya kuingia. Samaki aulizwe uzito wake akiwa bado hajapikwa. Mkate usioutaka ukataliwe mapema. Tena ajue saa za wenyeji: mchana hula tangu saa sita na nusu, na usiku si kabla ya saa moja na nusu. Mkahawa uliojaa wageni saa kumi na moja jioni mimi siuamini.

Siku ya mwisho mfukoni zilibaki yuro 4. Mwenzangu akaingia katika duka la mwoka mikate kuwanunulia watoto wake biskuti za lozi. Muuzaji alipochukua kijiko, mwenzangu akainua mkono kumzuia, akauliza kwa sauti kuu hata watu wote wakageuka, “Ni kwa etto, au kwa kilo?”